Mfereji wa uti wa mgongo ukisinyaa: mazoezi, sindano au kisu?

Majibu ya MRI (kipimo cha picha za ndani ya mwili) yakisema mfereji wa uti wa mgongo wako umesinyaa, hofu ya kwanza ni kupooza. Ndugu mmoja anakuapia kwamba ukipasuliwa mgongo hutasimama tena. Mwingine anasisitiza kwamba usipopasuliwa sasa hivi utaishia kwenye kiti cha magurudumu. Daktari naye anataja njia tatu nne, anasema zote zinawezekana, kisha anakuuliza unataka ipi. Makala haya ni ya mtu aliyekwama hapo.

Tuanze na kinachotokea ndani. Nyuma ya pingili za uti wa mgongo kuna mfereji unaopitisha ugwe mgongo, yaani kamba ya mishipa ya fahamu inayotoka kwenye ubongo. Ugwe huo huishia karibu na pingili ya 1 au ya 2 ya kiuno. Kuanzia hapo kushuka chini hubaki fungu la mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni, kwenye kibofu na kwenye njia ya haja kubwa. Umri unavyosogea, diski, yaani vibonge laini vilivyo kati ya pingili, hupoteza maji na kutuna kuelekea nyuma, viungo vidogo vya pingili huota vijifupa, na kano ya manjano inayopita nyuma ya mfereji hunenepa. Kila kimoja hula nafasi kidogo, mpaka mishipa ikakosa pa kupumulia. Kwa kiuno, sehemu inayoathirika zaidi ni kati ya pingili ya 4 na ya 5, ikifuatiwa na kati ya ya 3 na ya 4. Wapo pia waliozaliwa na mfereji mwembamba, na hao huanza kuumwa wakiwa bado vijana kiasi.

Dalili yake ina tabia ya pekee. Ukisimama wima au ukitembea, matako na miguu huanza kuwa mizito, kuwaka moto, kufa ganzi au kuishiwa nguvu. Ukikaa au ukiinama mbele, ndani ya dakika chache yote yanatulia. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuzunguka dukani muda mrefu akiwa ameegemea toroli, lakini akitoka mikono mitupu hafiki mbali. Kupanda mlima kunamwia rahisi kuliko kushuka, kwa sababu anayepanda huinama mbele na anayeshuka hujipinda nyuma. Sababu yake ni ya kimaumbile: kuinama mbele hupanua mfereji, kujipinda nyuma huubana. Daktari Mholanzi Henk Verbiest alieleza picha hii ya ugonjwa kwa kina mwaka 1954, na mpaka leo maelezo ya mgonjwa mwenyewe ndiyo yanayoongoza utambuzi.

Kabla ya kuchagua tiba, hakikisha kwanza ni ugonjwa huu. Mishipa ya damu ya miguu ikiziba nayo husababisha maumivu wakati wa kutembea. Lakini mwenye tatizo la mishipa ya damu akisimama tu, hata kama amenyooka wima, maumivu yanapungua, ilhali mwenye mfereji mwembamba lazima akae au ainame. Baiskeli nayo husaidia kutofautisha: wa mgongo huiendesha bila shida kubwa kwa kuwa ameinama, wa mishipa ya damu huumia vilevile. Daktari anapaswa kukupapasa mapigo ya damu kwenye unyayo. Ni uchunguzi wa dakika moja, na inasikitisha mtu akichomwa sindano za mgongo kabla haujafanyika.

Wakati ambapo huna cha kulinganisha

Hali mbili haziingii kwenye ulinganisho huu.

Ya kwanza ni dharura. Ukianza kushindwa kukojoa au mkojo unatoka bila wewe kujua, choo kikubwa kinakuponyoka, sehemu za siri na matako yanayogusa kiti zimekufa ganzi, au miguu yote miwili inaishiwa nguvu kwa ghafla, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Fungu la mishipa limebanwa kupita kiasi, na kila saa ina uzito. Dalili hizi ni nadra kwa ugonjwa huu, lakini kila mgonjwa na anayeishi naye wanapaswa kuzijua.

Ya pili ni shingo. Mfereji ukisinyaa shingoni, kinachobanwa ni ugwe mgongo wenyewe. Mtu hushindwa kufunga vifungo vya shati, vitu vinamdondoka mikononi, mwandiko unaharibika, anayumba akitembea, au anahisi kama shoti ya umeme inashuka mgongoni akiinamisha kichwa. Hapo upasuaji huzungumziwa mapema zaidi, kwa sababu ugwe ulioumia haurudi kirahisi. Yanayofuata yote yanahusu kiuno.

Vipimo vya kulinganishia

Watu wengi huanza na picha ya MRI: imesomeka wastani au kali? Mimi ningeiweka nyuma. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1990 wa watu ambao hawajawahi kuumwa mgongo wala kuhisi maumivu ya mguu, 21% ya waliozidi miaka 60 walionekana na mfereji uliosinyaa kwenye MRI. Walikuwa wanatembea na maisha yao yanaendelea. Picha humwonyesha daktari mahali pa tatizo, lakini ukubwa wa shida yako unaujua wewe. Kwa hiyo kila njia hapa chini nitaipima kwa mambo haya matano:

Inavyofanya kazi, yaani inapanua nafasi, inapunguza uvimbe au inaimarisha mwili. Nafuu: inakuja lini, inadumu kiasi gani, na inasaidia mguu au kiuno. Hatari zake. Mzigo wake kwako, kwa maana ya muda, juhudi na siku za kulala au kupumzika. Na mwisho, inamfaa nani.

Pamoja na hayo, wewe mwenyewe chukua daftari. Kwa wiki mbili andika unatembea dakika ngapi kabla ya kulazimika kukaa, unasimama muda gani ukipika au ukipanga foleni, na ni mguu upi unaoanza. Kisha jaribu kusimama kwa visigino na kwa vidole, mguu mmoja mmoja, ukiwa umeshika ukuta, uone kama upande mmoja umelegea. Daftari hilo litamsaidia daktari wako kuliko maneno "naumwa sana", na baadaye ndilo litakalokuonyesha kama tiba uliyochagua inafanya kazi.

Njia ya 1: Kungoja kwa uangalizi, na dawa

*Inavyofanya kazi.* Dawa haipanui mfereji. Inatuliza maumivu ili uweze kuendelea kutembea, na wakati huohuo wewe na daktari mnafuatilia hali. Kungoja huku si kukata tamaa. Ugonjwa huu mara nyingi huenda polepole, na kwa wengi wenye dalili ndogo au za wastani hali hubaki ilivyo kwa miaka. Baadhi hupata nafuu, wengine huzidiwa. Kuporomoka kwa ghafla ni nadra.

*Nafuu.* Ni ya muda, na haitabiriki. Parasetamoli ni nyepesi kwa tumbo lakini kwa maumivu haya nguvu yake ni ndogo. Ibuprofeni, diklofenaki na jamii yake husaidia zaidi pale kiuno kinapouma. Gabapentini na pregabalini huandikwa mara nyingi kwa ajili ya ganzi na moto wa miguuni, ila ushahidi wake kwa ugonjwa huu hasa ni mdogo. Ukipewa, weka muda wa kuijaribu, na kama hakuna tofauti, mwombe daktari akuelekeze namna ya kuiacha taratibu.

*Hatari.* Hapa watu hujisahau, kwa kuwa vidonge huonekana ni tiba laini. Diklofenaki na wenzake wakitumiwa kwa miezi huleta vidonda vya tumbo, huumiza figo na hupandisha shinikizo la damu, na wagonjwa wengi wa ugonjwa huu ndio hao wenye umri wa kupata matatizo hayo. Gabapentini na pregabalini huleta usingizi na kizunguzungu. Mzee ambaye miguu yake tayari haina uhakika akiongezewa kizunguzungu, anaanguka. Dawa kali za jamii ya mofini hazina nafasi nzuri kwenye ugonjwa wa muda mrefu kama huu, kwani mwili huzizoea na kudai zaidi.

*Mzigo.* Mdogo: kumeza, kwenda kliniki, kupima figo na presha mara kwa mara.

*Inamfaa nani.* Anayetembea vya kutosha kwa mahitaji yake, miguu ina nguvu, na maumivu huja na kwenda. Haimfai ambaye nguvu za mguu zinapungua mwezi hadi mwezi.

Njia ya 2: Mazoezi chini ya mtaalamu wa tiba ya viungo

*Inavyofanya kazi.* Mazoezi nayo hayaondoi mfupa ulioota. Yanakufundisha kubeba mwili kwa namna inayoipa mishipa nafasi, na kuimarisha misuli ya tumbo, makalio na mapaja ili kiuno kisijipinde nyuma kila unaposimama. Mfano wa zoezi lake: unalala chali, unavuta goti moja kifuani kisha jingine, unayashikilia yote mawili kwa muda huku ukihisi kiuno kinagusa sakafu kabisa. Jingine ni kulala chali magoti yamekunjwa, kukaza tumbo na kubana kiuno chini bila kuinua makalio. Baiskeli ya mazoezi hutumika sana, kwa kuwa mgonjwa anaweza kupasha moyo na mapafu akiwa ameinama mbele, bila kusimamishwa na miguu. Mazoezi ya kujipinda nyuma, ambayo husaidia baadhi ya wenye diski iliyochomoza, hapa huweza kuongeza dalili. Usichukue mazoezi ya jirani kwa sababu naye anaumwa mgongo.

*Nafuu.* Inakuja taratibu, kwa wiki na si kwa siku. Mwaka 2015 kulichapishwa utafiti wa Marekani wa wagonjwa 169 ambao wote walikuwa tayari wamekubali kupasuliwa. Waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likafanyiwa upasuaji na jingine likapewa mazoezi mara 2 kwa wiki kwa wiki 6. Baada ya miaka 2, makundi yalikuwa sawa katika uwezo wa kufanya shughuli. Nusu ya pili ya habari hiyo ni muhimu vilevile: 57% ya waliopangiwa mazoezi walihamia kwenye upasuaji ndani ya kipindi hicho. Naisoma hivi: kuanza na mazoezi hakukuwanyima nafasi ya upasuaji waliouhitaji baadaye, na wengine karibu nusu hawakuuhitaji katika miaka hiyo. Utafiti mwingine wa mwaka 2019, wenye wagonjwa 259, ulionyesha kwamba mazoezi yanayopangwa kwa mtu mmoja mmoja pamoja na tiba ya mikono yalileta nafuu zaidi baada ya miezi 2 kuliko mazoezi ya kikundi au matibabu ya kawaida ya dawa, ila tofauti hiyo haikudumu hadi miezi 6. Anayeacha mazoezi, nafuu nayo humwacha.

*Hatari.* Ndogo sana. Misuli kuuma siku za mwanzo ni kawaida. Ganzi inayoongezeka na kubaki baada ya zoezi si kawaida, mwambie mtaalamu abadilishe.

*Mzigo.* Huu ndio mzito wake. Unahitaji muda, uvumilivu, mtu wa kukuelekeza kwa vikao kadhaa, na nidhamu ya kufanya nyumbani ambako hakuna anayekuona. Anayepewa karatasi ya michoro na kuambiwa "kafanye" hajapata tiba hii.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mtu asiye na dalili za hatari, kama hatua ya kwanza. Humfaa hata anayesubiri upasuaji, kwani misuli iliyojengwa kabla ya upasuaji humsaidia baada yake. Haitoshi peke yake kwa mwenye unyayo unaoburuta.

Njia ya 3: Sindano ya steroidi mgongoni

*Inavyofanya kazi.* Daktari hupitisha sindano hadi kwenye nafasi inayozunguka mfuko wa mishipa, kwa kawaida akiongozwa na eksirei ya moja kwa moja, na kumimina dawa ya ganzi na steroidi ya kutuliza uvimbe. Mfereji unabaki na upana uleule.

*Nafuu.* Ikija, huja haraka, na hiyo ndiyo sifa yake. Kudumu ni suala jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 wa wagonjwa 400 wenye mfereji uliosinyaa kiunoni ulilinganisha sindano yenye steroidi na dawa ya ganzi dhidi ya sindano yenye dawa ya ganzi peke yake. Baada ya wiki 6 hapakuwa na tofauti ya maana. Wagonjwa wa makundi yote mawili walijisikia afadhali, ila steroidi haikuongeza kitu cha kuonekana. Kwa hiyo mtu akikuambia sindano ilimsaidia, mwamini. Akikuambia itakuponya, mkatalie. Husaidia zaidi pale maumivu yanaposhuka mguu mmoja kwa mstari, kuliko uzito wa miguu yote miwili unaokuja na kutembea.

*Hatari.* Sukari hupanda kwa siku kadhaa kwa mwenye kisukari, na anapaswa kuipima mara nyingi zaidi. Maumivu ya kichwa yanaweza kutokea mfuko wa maji ya mgongo ukitobolewa. Maambukizi, kuvuja damu ndani na madhara makubwa ya mishipa ya fahamu ni nadra, lakini yapo; mwaka huohuo wa 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu madhara hayo. Anayetumia dawa za kuyeyusha damu lazima aseme mapema. Steroidi ikirudiwarudiwa hudhoofisha mifupa, na madaktari wengi hawavuki sindano 3 au 4 kwa mwaka. Jambo jingine ambalo wagonjwa huwa hawaambiwi: sindano iliyochomwa wiki chache kabla ya upasuaji huongeza hatari ya maambukizi ya kidonda. Kama upasuaji umeshapangwa, uliza kwanza.

*Mzigo.* Unaenda na kurudi siku hiyohiyo, na mtu wa kukusindikiza.

*Inamfaa nani.* Aliyezidiwa na maumivu kiasi cha kushindwa kuanza mazoezi, anayehitaji kuvuka kipindi fulani, au ambaye moyo na mapafu havimruhusu kulala kwenye meza ya upasuaji. Kuitumia kama njia kuu ya miaka, sioni ushahidi wa kuitetea.

Njia ya 4: Upasuaji wa kupanua mfereji

*Inavyofanya kazi.* Hii ndiyo njia inayogusa chanzo. Kwa kawaida mgonjwa hupewa nusu kaputi na kulazwa kifudifudi. Daktari hufungua mgongo kwa nyuma, hutoa sehemu ya mfupa unaofunika mfereji, hukata kano ya manjano iliyonenepa, na kupunguza vijifupa vilivyobana mizizi ya mishipa. Upasuaji huu huitwa laminektomi. Siku hizi kuna namna nyingi za kuufanya, ukiwemo wa tundu dogo kwa darubini unaoacha mfupa na misuli mingi bila kuguswa. Kovu huwa dogo na siku za hospitali hupungua, lakini kwa mgonjwa anayeuliza "utapunguza maumivu yangu zaidi?", uzoefu wa daktari na mfereji kupanuliwa vya kutosha vina uzito kuliko urefu wa mshono.

*Nafuu.* Kwa miguu, ni kubwa na ya haraka kuliko njia zote tatu zilizotangulia. Wengi huamka wakihisi uzito wa miguu umepungua. Kwa maumivu ya kiuno chenyewe, matokeo ni madogo na hayaaminiki sana. Tafadhali shikilia tofauti hiyo, kwa sababu wengi wanaolalamika baada ya upasuaji ni wale waliotarajia kiuno kipone. Ganzi iliyokaa miaka inaweza kubaki, kwa kuwa mshipa uliobanwa muda mrefu haurudi wote.

Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SPORT, ambao matokeo yake ya kwanza kuhusu ugonjwa huu yalitoka mwaka 2008, ulionyesha kuwa wale waliopasuliwa walipata nafuu zaidi ya wasiopasuliwa katika miaka 2, na faida ikaonekana bado ipo mwaka wa 4. Wagonjwa walipofuatiliwa hadi miaka 8, kwa wale waliogawanywa kwa bahati nasibu tofauti ilikuwa imefifia, ilhali kwa waliojichagulia wenyewe ilikuwa bado ipo. Kwa lugha nyepesi, upasuaji unanunua miaka mizuri. Hausimamishi uzee wa uti wa mgongo.

*Hatari.* Mfuko wa maji ya mgongo kuchanika, ambao mara nyingi hushonwa palepale na mgonjwa huambiwa alale kwa muda, maambukizi, damu kuganda miguuni, mshipa wa fahamu kujeruhiwa, na baadhi kuhitaji kupasuliwa tena baada ya miaka. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikuta matatizo ya aina mbalimbali kati ya 10% na 24% ya waliopasuliwa. Mengi yalitibika, lakini upande wa wasiopasuliwa hayakuripotiwa. Kupooza, ambako ndiko kila mtu anakoogopa, ni nadra sana, na sehemu hii ya kiuno kwa kawaida iko chini ya pale ugwe mgongo unapoishia.

*Mzigo.* Siku chache hospitalini au hata pungufu. Wengi husimamishwa na kutembezwa siku hiyo au kesho yake. Wiki kadhaa bila kuinua vitu vizito wala kujipindapinda, kisha mazoezi. Utahitaji mtu nyumbani siku za mwanzo.

*Inamfaa nani.* Ambaye miguu ndiyo inayomtesa, dalili zake zinalingana na picha, amejaribu mazoezi kwa dhati kwa miezi mitatu hivi bila kupata maisha anayoweza kuyakubali. Au ambaye nguvu za mguu zinapungua. Huyu wa mwisho asisubiri hiyo miezi.

Njia ya 5: Kupanua na kuunganisha pingili

*Inavyofanya kazi.* Baada ya kupanua mfereji, daktari hufunga pingili mbili au zaidi kwa skrubu na vyuma, na kuweka mfupa utakaoziunga pamoja ziwe kitu kimoja. Lengo ni kuzuia pingili zisicheze.

*Nafuu.* Hapa pana ubishi wa kweli kati ya mabingwa wenyewe. Mwaka 2016 utafiti wa Sweden wa wagonjwa 247 haukuona faida ya kuongeza kuunganisha, hata kwa waliokuwa na pingili iliyoteleza, yaani iliyosogea mbele ya ile iliyo chini yake, na waliounganishwa walilala hospitali muda mrefu zaidi na kupoteza damu zaidi. Mwaka huohuo utafiti wa Marekani wa wagonjwa 66 wenye pingili iliyoteleza uliona faida ndogo kwa waliounganishwa, na waliorudi kupasuliwa ndani ya miaka 4 walikuwa 14% dhidi ya 34% ya waliopanuliwa tu. Norway nao, mwaka 2021, kwa wagonjwa 267 wenye pingili iliyoteleza, waliona kwamba kupanua peke yake hakukuwa duni kuliko kuunganisha.

*Hatari.* Zote za njia ya 4, pamoja na skrubu kukaa vibaya au kulegea, mfupa kukataa kuunga (sigara huchangia sana), na pingili za jirani kuchoka mapema kwa kuwa zinabeba mwendo wa zile zilizofungwa.

*Mzigo.* Mkubwa kuliko yote. Mfupa huchukua miezi kuunga, na kurudi kwenye kazi nzito huchelewa.

*Inamfaa nani.* Mwenye pingili inayocheza waziwazi kwenye eksirei za kuinama na kunyooka, mwenye mgongo uliopinda pamoja na mfereji kusinyaa, au pale daktari atakapolazimika kutoa mfupa mwingi kiasi cha kuacha pingili bila mshikilio. Kama huna lolote kati ya hayo na bado unapendekezewa vyuma, dai maelezo, na tafuta maoni ya daktari wa pili. Daktari mzuri haoni hilo kuwa tusi.

Kuna pia vifaa vidogo vya kupachika kati ya miiba ya pingili, yaani mifupa inayochomoza nyuma yake, ili kukuweka umeinama kidogo. Upasuaji wake ni mwepesi, ila waliowekewa hurudi kupasuliwa mara nyingi zaidi kuliko waliopanuliwa kwa kawaida, kwa hiyo sikuvipa nafasi yake.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

*Unatembea nusu saa au zaidi, miguu ina nguvu.* Njia ya 2, na dawa kidogo siku za maumivu. Punguza uzito kama umezidi. Tembea vipande vifupi vyenye mapumziko ya kukaa, badala ya kujilazimisha mpaka ushindwe. Lala kwa ubavu umekunja magoti.

*Unashindwa kupita dakika tano au kumi, lakini nguvu ipo.* Anza mazoezi ya kweli sasa, ikibidi kwa msaada wa sindano, na wakati huohuo onana na daktari wa upasuaji ili ujue kama unafaa. Kwenda kumwona si kukubali kupasuliwa. Kitembezi chenye magurudumu kilichoshushwa kimo kidogo, ili uinamie mbele, kinaweza kukurudishia safari za nje leo hii.

*Unyayo unaburuta, goti linakuangusha, au daftari linaonyesha mguu unadhoofika.* Njia ya 4 izungumzwe bila kuchelewa. Hapa kungoja kuna gharama, kwani nguvu iliyopotea muda mrefu inaweza isirudi.

*Kinachouma ni kiuno, miguu haina shida.* Uwezekano ni mkubwa kwamba kupanua mfereji hakutakusaidia, hata picha iwe mbaya namna gani. Kaa na mazoezi, na muulize daktari chanzo kingine cha maumivu.

*Una kisukari, ugonjwa wa moyo au figo.* Kila njia hubadilika uzito kwako. Diklofenaki na jamii yake huenda zikawa hatari kuliko unavyodhani, steroidi itapandisha sukari, na upasuaji utahitaji sukari na presha vitulizwe kwanza. Mazoezi hupanda thamani.

*Umepita miaka 80.* Umri peke yake haukufungii mlango wa upasuaji. Kinachoangaliwa ni hali ya moyo, mapafu, mifupa na akili, na kama kutembea tena kutakurudishia kitu unachokitaka. Familia nazo zimsikilize mzee mwenyewe: wapo wanaotosheka kukaa barazani bila maumivu, na wapo wanaotaka kwenda ibadani kwa miguu yao.

*Una pingili iliyoteleza.* Omba eksirei za kuinama na kunyooka kabla ya kuamua kati ya njia ya 4 na ya 5.

*Umeshaelekea kwenye upasuaji.* Acha sigara mapema. Taja kila dawa unayotumia, za kienyeji zikiwemo. Kisha muulize daktari maswali haya na uandike majibu: dalili yangu ipi itapungua, na ipi itabaki? Utagusa pingili ngapi, na kwa nini hizo? Utaunganisha, na kama ndiyo, ni kwa sababu gani hasa kwangu mimi? Umefanya upasuaji wa namna hii mara nyingi kiasi gani? Nikiahirisha miezi mitatu, kuna nitakachopoteza? Akijibu hilo la mwisho kwamba hakuna, na miguu yako bado ina nguvu, una muda wa kurudi kwenye mazoezi na kujipima tena kwa daftari lako.